Sheth Jairam Shivji: Bwana Forodha wa Unguja

Tunapoadhimisha siku hii kubwa ya hekalu letu, ni desturi njema kuwakumbuka waliotutangulia. Majina ya wafadhili, ya mafundi waliojenga na ya mapujari waliohudumu yameandikwa kwingineko katika kitabu hiki. Mimi kamati imeniomba niandike habari za mtu aliyeishi kabla ya hao wote, aliyefariki muda mrefu kabla jiwe letu la msingi halijawekwa, lakini ambaye bila yeye na watu wa nyumba yake, historia ya Wahindu katika pwani hii ya Afrika Mashariki ingekuwa na sura nyingine. Mtu huyo ni Sheth Jairam Shivji, Bhatia wa Mundra, aliyekuwa bwana forodha wa Unguja katika siku za Sayyid Said bin Sultan.

Mimi si mwanachuoni. Nilimaliza shule ya sekondari nikaingia dukani kwa baba yangu, na humo nimezeeka. Hata hivyo jina la Sheth Jairam nililisikia tangu utotoni, kila Diwali, tulipoketi mbele ya sanamu za Lakshmi na Ganesh kufungua vitabu vipya vya hesabu. Babu yangu alikuwa akimtaja kama mfano wa mfanyabiashara ambaye neno lake lilikuwa sawa na fedha taslimu. Ukoo wetu si wa Bhatia, wala haukuja zama zake. Sisi tulifika baadaye sana, pamoja na wengi waliofuata reli na maduka madogo ya bara. Lakini njia tuliyoipita ilikuwa imekwisha kufyekwa, na miongoni mwa walioifyeka yeye alikuwa wa mbele.

Mundra na watu wake

Kutch ni nchi ya ukame. Upande wa kaskazini imezungukwa na uwanda mkubwa wa chumvi, na upande wa kusini ni bahari. Mvua zake ni chache na hazina ahadi. Mkulima hupanda mwaka huu asijue kama atavuna. Kwa sababu hiyo watu wa Kutch walijifunza zamani kuitazama bahari kama shamba lao la pili. Mundra, iliyo katika pwani ya ghuba ya Kutch, ilikuwa bandari ya mabaharia hodari na ya wafanyabiashara wenye subira, na kutoka huko majahazi yalikwenda Sindh, Muscat, Arabuni kusini na Afrika.

Wabhatia ni jamii inayojihesabu kuwa imetokana na Warajput wa ukoo wa Bhati. Kwa vizazi vingi walishika biashara, na kwa dini ni Wavaishnava, wafuasi wa njia ya Vallabhacharya, wanaomwabudu Krishna kwa sura ya Shrinathji. Walikuwa wakali katika mambo ya chakula. Hawakula nyama, hawakunywa maji yaliyoguswa na mtu wa nje ya jamii yao, na kila mmoja aliangalia jiko lake kama sehemu ya ibada. Mtoto wa kiume wa Kibhatia alifundishwa hesabu tangu udogoni, akajua kuandika mapokezi na matoleo, na kukokotoa riba kichwani kabla hajaota ndevu.

Katika jamii hiyo aliishi Shivji Topan wa Mundra, baba yake Jairam. Nyumba yake ya biashara ilikuwa na uhusiano wa miaka mingi na Muscat, makao ya watawala wa Oman wa ukoo wa Busaidi. Watawala hao walihitaji watu wenye mitaji, wenye majahazi, wasio na tamaa ya kiti cha enzi na wanaojua kutunza siri ya hesabu. Wahindu wa Kutch walifaa kwa hayo yote. Hivyo basi Busaidi walipozidi kuukaza mkono wao juu ya Unguja na Mrima, nyumba ya Shivji Topan ilifuatana nao, kama mtumbwi ufuatavyo jahazi.

Maisha ya Mbanyani ng'ambo ya bahari

Vijana wetu wa leo, wanaosafiri kwa ndege kwa muda wa saa chache, ni vigumu kwao kukadiria uzito wa safari ile. Majahazi yaliondoka India pepo za kaskazi zilipoanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, yakarudi kwa kusi. Aliyeukosa msimu aliukosa mwaka. Baharini Bhatia alibeba maji yake mwenyewe na nafaka zake mwenyewe. Wapo Wahindu wengi wa zama zile walioamini kwamba kuivuka bahari ni kuupoteza usafi wa jamii. Wabhatia walivuka, lakini walijiwekea masharti makali, na mojawapo ni kutowachukua wake zao.

Kwa hiyo Wabanyani wa Unguja, kama walivyoitwa na wenyeji, waliishi kama wasafiri hata walipokaa miaka kumi na mitano. Walipanga pamoja, walipika pamoja, waliwalea ng'ombe kwa ajili ya maziwa, na walipokwisha kuchuma walirudi Kutch kwa wake zao na watoto wao waliokua bila kuwajua baba zao. Mwanamke wa Mundra aliyemsubiri mumewe misimu mingi hana jina katika vitabu vya historia. Ningependa katika ukurasa huu tumkumbuke naye, maana utajiri wa nyumba zile ulijengwa pia kwa upweke wake.

Kazi ya forodha

Sayyid Said aliipenda Unguja kupita Muscat, na katika miaka ya 1830 akaanza kuifanya makao yake. Ilikuwa katika miaka hiyo ndipo Jairam aliposhika kazi iliyompa jina. Ni vema nieleze kazi hiyo ilivyokuwa, kwa sababu wengi hudhani bwana forodha alikuwa karani wa serikali. Sivyo.

Forodha ilikodishwa. Mfanyabiashara alimwahidi Sultani kiasi fulani cha fedha kila mwaka, bidhaa ziwe nyingi ziwe chache, meli zije zisije. Badala yake alipata haki ya kukusanya ushuru wote wa bandari za Sultani, na kilichozidi kile alichoahidi kilikuwa chake. Hasara nayo ilikuwa yake. Sultani alipata fedha ya uhakika pasipo kuajiri jeshi la makarani, na mkodishaji alibeba hatari yote. Fedha iliyotumika ilikuwa reale ya Maria Theresa, ile sarafu ya fedha iliyochapwa Austria na kuaminiwa kutoka Uhabeshi hadi India.

Kodi hiyo ilipanda mwaka hata mwaka. Mwaka 1819 ilikuwa yapata reale 80,000. Katika siku za Jairam ilifika karibu na 150,000, na kufikia mwaka 1865 ilikuwa 310,000. Kupanda huko kunaeleza habari ya pwani nzima: pembe za ndovu kutoka bara, sandarusi kutoka Mrima, karafuu za Unguja na Pemba ambazo mashamba yake yalienea upesi chini ya Sayyid Said, na nguo zilizokuja kulipia vitu hivyo vyote.

Jairam hakuweza kuwapo kila bandari. Aliweka watu wake, wengi wao Wabhatia na jamaa, katika miji ya pwani: Mombasa, Bagamoyo, Kilwa na kwingineko. Kila mmoja wao alikuwa mtoza ushuru, mkopeshaji, mpokeaji wa barua na mtoa habari. Kwa njia hiyo, mtu aliyeketi Unguja aliweza kujua ni msafara gani umetoka bara na umebeba frasila ngapi za pembe kabla pembe hizo hazijavuka mlango wa bahari. Jina la Forodhani, ambako leo watu hupunga upepo jioni na kula urojo na mishikaki, linabeba neno lile lile la kazi yake.

Ushirika na Mmarekani

Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba na Marekani, na ushuru wa bidhaa zao zilizoingia ukawekwa kuwa asilimia tano. Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839, na Wafaransa mwaka 1844. Mwaka 1837 akafika balozi wa kwanza wa Kimarekani, Richard Waters, kijana wa Salem katika jimbo la Massachusetts. Waters alikuwa Mkristo mshika dini, aliyechukia utumwa moyoni na kutamani dini yake ienee. Alikuwa pia mfanyabiashara, na haukupita muda akatambua kwamba katika Unguja mlango wa biashara ulikuwa na ufunguo mmoja, nao ulikuwa mkononi mwa Jairam.

Wawili hao wakaingia katika ushirika. Jairam alikuwa na wachukuzi, mashua za kupakulia, maghala, na wateja waliokwisha kukopa kwake. Waters alikuwa na meli, nguo na cheo. Nguo nyeupe imara zilizofumwa katika viwanda vya Massachusetts zikaenea kutoka pwani hadi maziwa makuu, na mpaka leo Waswahili wanaziita merikani. Wafanyabiashara wengine wa Kimarekani walilalamika sana kwamba pasipo ridhaa ya bwana forodha, meli ingeweza kutia nanga ikakaa siku nyingi bila kupata mzigo. Malalamiko hayo yalikuwa na haki. Sisi wafanyabiashara tunajua kwamba mtu mwenye forodha mkononi akiwa pia muuzaji na mnunuzi, mizani haiwezi kusimama sawa. Jairam aliitumia nafasi yake, na aliitumia bila haya.

Mkopeshaji wa Sultani

Kilichomfanya awe mkubwa zaidi ya forodha yenyewe ni mikopo. Sultani alihitaji fedha kabla ya mwisho wa mwaka: kulipa askari, kutengeneza merikebu, kutunza jamaa. Alimwendea Jairam, naye alitoa, kisha akaandika. Deni lilikatwa katika kodi ya mwaka uliofuata. Mwaka ule ulipofika, haja mpya zilikuwa zimezaliwa, na deni likasogezwa mbele tena. Hivyo Sultani alimhitaji Jairam ili apate fedha, na Jairam alihitaji kuendelea kushika forodha ili apate kulipwa alichokopesha. Walifungana kama pande mbili za mlango.

Mikopo ilishuka pia kwa wengine. Waarabu wenye mashamba ya karafuu waliweka rehani mashamba yao. Wafanyabiashara wa misafara, Waarabu na Waswahili, walichukua nguo, shanga na nyaya za shaba nyeupe na nyekundu kwa mkopo, wakaenda Tabora na Ujiji, na kurudi na pembe baada ya mwaka mmoja, miwili au zaidi. Wengine hawakurudi. Mkopeshaji alingoja, na kwa kungoja huko alitoza bei kubwa. Sir Bartle Frere alipokuja mwaka 1873 kuchunguza mambo ya Unguja, aliripoti kwamba vitabu vya nyumba moja ya Kihindi vilionyesha mtaji wa zaidi ya pauni 400,000 uliotolewa kwa mikopo na rehani Afrika Mashariki. Wanahistoria wanaitambua nyumba hiyo kuwa ya Jairam Shivji.

Ukurasa wa pili

Mpaka hapa nimeandika kama babu yangu alivyosimulia. Lakini kitabu cha hesabu kina pande mbili. Upande mmoja ni wa mapokezi, na upande wa pili ni wa matoleo, na yeyote anayemletea mwenzake upande mmoja tu anamdanganya. Mwaka jana mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni, akaniuliza kama Wahindi walifanya biashara ya watumwa. Nilipokuwa na umri wake nami nilimwuliza babu yangu swali hilo hilo usiku wa Diwali. Babu alifunga kitabu, akasema chakula kiko tayari. Mimi sikutaka kumwitia mjukuu wangu chakula.

Ukweli ni huu. Katika bidhaa zilizopita forodhani Unguja, watumwa walikuwamo. Walihesabiwa, na ushuru wao ulitozwa kwa kichwa. Mkataba wa mwaka 1845 ulizuia kuwauza nje ya milki za Sultani za Afrika, lakini ndani ya milki hizo biashara iliendelea, hasa kutoka Kilwa, na mashamba yale yale ya karafuu yalilimwa kwa mikono yao. Mabalozi wa miaka ya mwisho ya 1850 na ya 1860 walikadiria kwamba watumwa karibu 20,000 waliletwa Unguja kila mwaka. Aliyekodisha forodha alipata sehemu yake katika kila mmoja. Sheth Jairam hakushika bunduki, hakuchoma kijiji, wala hakwenda bara. Aliketi juu ya godoro lake jeupe na kuandika. Lakini nguo zilizotoka kwa mkopo wake zilinunua pembe, na pia ziliwanunua watu, na alijua.

Tena Wabanyani wenyewe, waliokataa kuua hata mdudu, wengi wao walimiliki watumwa wa nyumbani na wa kazi. Richard Burton, aliyepita pwani mwaka 1857 akienda kuitafuta Tanganyika, alisaidiwa na Ladha Damji, wakili wa nyumba ya Jairam, na karani wake Ramji wa Bagamoyo. Burton alikuwa amekaa Sindh na kujifunza lugha za huko, hivyo aliwafahamu wawili hao walipokuwa wakishauriana kwa Kikutchi kama atafika ziwani au hatafika, nao wakaona hatafika. Kisa hicho hutuchekesha. Lakini walinzi aliowakodi kwa Ramji, waliojulikana katika safari ile kama wana wa Ramji, hawakuwa wanawe. Walikuwa watumwa wake, na kwa maelezo ya Burton aliwapokea wakiwa wadogo kama rehani kutoka kwa wazazi na wajomba. Sisi tulio katika biashara tunajua rehani ni nini. Shamba huwekwa rehani, dhahabu huwekwa rehani. Nilipokisoma kisa hicho nilikaa muda mrefu bila kugeuza ukurasa.

Mnamo mwaka 1860 balozi wa Uingereza Unguja, Rigby, aliwaamuru Wahindi waliokuwa chini ya ulinzi wa Uingereza wawaache huru watumwa wao, na maelfu wakapata vyeti vya uhuru. Hapo likazuka swali la watu wa Kutch. Kutch ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu 1819, lakini ilikuwa na mtawala wake, Rao. Je, Mkutchi aliyeko Unguja ni mtu wa Mwingereza, wa Rao, au wa Sultani? Kwa wengi swali hilo halikuwa la sheria tupu. Walijiandikisha chini ya Sultani ili waendelee kuwashika watumwa. Baadaye Rao mwenyewe aliwatangazia raia wake wa Unguja waache jambo hilo, na Frere alipokuja mwaka 1873 alifuatana na diwani Kazi Shahabuddin wa Kutch ili neno liwafikie kwa ulimi wao. Tarehe 5 Juni mwaka huo Sultani Barghash alitia sahihi mkataba, na soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Kurudi Mundra

Jairam hakuiona siku hiyo. Mwaka 1853 aliondoka Unguja akarudi Mundra, na kazi zote za Unguja zikashikwa na Ladha Damji kwa jina lake. Akiwa Kutch aliendelea kupokea hesabu kwa kila msimu. Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856 akirudi Unguja kutoka Oman, na mwanawe Majid akarithi upande wa Afrika. Majid alitakiwa kumpelekea ndugu yake wa Muscat reale 40,000 kila mwaka, kufuatana na uamuzi wa mwaka 1861, na haja hiyo ilizidi kumtia katika vitabu vya nyumba ya Jairam. Hata alipokuwa akijenga majumba katika bandari mpya aliyoiita Dar es Salaam, Majid alikuwa mdaiwa wa mtu wa Mundra.

Sheth Jairam Shivji alifariki mwaka 1866, akiwa mmoja wa matajiri wakubwa katika bahari ya Hindi. Alifia nyumbani, jambo ambalo Wabhatia wengi waliovuka bahari waliliomba na hawakulipata.

Nyumba yake haikuanguka mara moja, lakini ilianza kupungua. Barghash alipotawala mwaka 1870 alikuta deni la marehemu Majid la zaidi ya nusu milioni ya reale. Aliona si haki alipe yeye, na baada ya mabishano marefu deni lilipunguzwa sana. Mwaka 1871 Ladha Damji alifariki. Mwaka 1876 forodha ikaenda kwa Taria Topan, Khoja wa Kutch, aliyekuwa na mizizi katika bandari zile zile. Nyumba ya Jairam ilirudi tena baada ya miaka minne, kisha mwaka 1886 ukodishaji wa aina ile ukakoma. Miaka michache baadaye bendera za Ulaya zilipandishwa pwani yote. Wadachi na Waingereza walichukua forodha, na pamoja nayo wakachukua mambo mengine yote.

Tulichorithi

Ni nini basi tulichorithi kwa Sheth Jairam? Kwanza, yeye na wenzake walithibitisha kwamba Mhindu anaweza kuishi mbali na Kutch na Kathiawar na bado akahifadhi dini yake. Hawakuwa na mahekalu makubwa kama hili. Walikuwa na sanamu ndogo katika chumba cha ndani, na jiko safi. Waliowafuata walipata mahali pa kuanzia: mtu wa kupokea barua, ghala la kulaza mzigo, neno la kutambulishwa kwa mtu mwingine. Babu yangu alipofika alilala kwa mara ya kwanza juu ya magunia ya mtu ambaye baba yake naye alipokewa hivyo hivyo. Ukiifuata kamba hiyo nyuma, utafika katika nyumba za Wabhatia wa zamani.

Pili, tulirithi jina la uaminifu katika deni. Mtu aliweza kutoa mali kwa mtu mwingine aende mwendo wa miezi sita, bila polisi wala mahakama, akitegemea neno. Hilo si jambo dogo, na sioni haya kujivunia.

Lakini pia tulirithi deni ambalo halikulipwa. Wale waliopita forodhani wakihesabiwa kwa kichwa hawakwenda mbali. Wengi walibaki Unguja, Pemba na katika miji ya pwani. Wajukuu wa vitukuu vyao ni majirani zetu, wateja wetu, mafundi waliopaka rangi kuta za hekalu hili, na walimu wanaowafundisha watoto wetu. Hawajatutumia hati ya madai. Hilo halina maana kwamba kitabu kimefungwa.

Nilipopeleka makala haya, mzee mmoja wa kamati alishauri kwa upole kwamba sehemu hii iachwe, kwa kuwa kitabu cha sherehe si mahali pake. Namheshimu, na nilikaa na neno lake siku kadhaa. Nikamjibu kwamba ninajua mahali pamoja tu ambapo hatuwezi kupeleka hesabu ya upande mmoja, napo ni mbele ya Mungu. Na hekalu ni mahali hapo. Alifikiri, akacheka kidogo, akaniruhusu. Ninamshukuru.

Mjukuu wangu nilimjibu ndiyo. Nilimweleza habari za Sheth Jairam kama nilivyoziandika hapa, pande zote mbili. Alisikiliza, kisha akauliza kama sisi wenyewe tuna watu tunaowadai wasioweza kulipa. Tulikuwa nao. Yuko mjane mmoja ambaye marehemu mumewe alichukua mali dukani kwangu miaka mingi iliyopita, na jina lake nimekuwa nikilihamisha kutoka kitabu hadi kitabu kila Diwali, kwa mazoea tu. Mwaka huu, vitabu vipya vilipowekwa mbele ya Lakshmi na kuchorwa alama ya heri katika ukurasa wa kwanza, sikulihamisha.

Nawatakia wasomaji wote heri ya sherehe hizi, na hekalu letu nalitakia umri mrefu. Waliotutangulia wapumzike kwa amani: waliokuwa na majina makubwa, waliowasubiri Mundra, na wale ambao makarani wetu waliwaandika kwa idadi bila kuuliza majina yao.